Kitabu Alichogombana Nacho Mama

Wenzangu tuliokulia juu huku, milima ya Usambara, upande wa Mtae, kabla nguzo za umeme hazijapanda mlima, mtanisaidia kukumbuka. Asubuhi ulikuwa ukifungua mlango, ukungu unaingia ndani bila hodi. Mama anaupunga kwa khanga kama anayefukuza kuku, nao unazunguka meza polepole, unatokea dirishani kwa wakati wake. Tulikwenda shule miguu mitupu, kidumu cha maji mkono mmoja, kuni ya jikoni kwa walimu mkono wa pili, na kiazi cha moto ndani ya mfuko wa sweta. Kiazi kile kilitupasha vidole kwanza, tumbo baadaye. Mchakamchaka ukiisha kilikuwa kimeshaliwa, na mikono inabaki na harufu ya maganda mpaka kipindi cha tatu.

Michezo yetu ilikuwa ya watu wa mteremko. Mpira wa makaratasi ukiponyoka ulikuwa umeshakuwa mali ya watu wa bondeni, hakuna aliyeufuata. Rede ilitaka uwanja tambarare, na uwanja tambarare ulikuwa mmoja tu, wa kanisa, kwa hiyo tulicheza tukimchungulia mzee wa kanisa. Lakini kuteleza! Unakata gome la mgomba, unalikalia, unajiachia kutoka juu ya shamba mpaka chini kwenye mfereji, upepo unapita masikioni, ndizi na anga vinachanganyika. Nguo ilikuwa ikirudi nyumbani imechanika nyuma. Mama alisema neno moja tu, kila mara lile lile: "Nguo haioti kama nyasi."

Na siku za wazi, ukungu ukishaondoka, tulikaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba tukaitazama nyika. Mnaikumbuka ilivyoonekana kutoka kule juu? Chini kabisa, ya kahawia, imelala kimya na joto lake, na vumbi la gari moja likitembea kama chungu. Sisi tulikuwa na baridi na wao walikuwa na jua. Tuliamini kwamba dunia yenyewe iko kule, na sisi tumewekwa kando kuitazama.

Watoto wa siku hizi wana viatu vizito na makoti yenye manyoya, wanaletwa shule na bodaboda, na bado wanachelewa. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliniambia amechelewa kwa sababu simu ya nyumbani iliisha chaji, haikuwaamsha. Nikamwambia sisi tuliamshwa na jogoo, na jogoo hakuwahi kuisha chaji isipokuwa siku ya Krismasi. Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikageukia ubao nikasimama kidogo bila kuandika, kwa sababu kila nikitaja Krismasi za utotoni, namkumbuka dada yangu Rebeka.

Rebeka alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na mmoja. Alikuwa amemaliza darasa la saba, anasubiri majibu. Katika kwaya ya watoto ndiye aliyeshika sauti ya kwanza, na akicheka alijiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya pengo la jino alilolivunja kwa kuteleza na gome la mgomba. Tulilala kitanda kimoja, blanketi moja. Kila siku alfajiri blanketi lilikuwa lote upande wake, na kila siku aliapa kwamba nimemsukumia mwenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule, shangazi yetu aliyekuwa akiishi Mombo, chini kabisa, alijifungua. Akatuma salamu kwa dereva wa basi: anaomba mtoto wa kumshikia mtoto wakati wa likizo. Baba akasema aende Marta, yaani mimi, kwa kuwa Rebeka alikuwa msaada wa mama shambani. Mimi sikutaka. Mti wetu wa plamsi nyuma ya jiko ulikuwa umeanza kuivisha matunda yake mekundu, na kanisani nilikuwa nimepewa nafasi ya malaika katika igizo la Krismasi. Malaika wa kusema, si wa kusimama tu. Asubuhi ya safari nikajikunja kitandani nikilalamika kwamba tumbo linakata. Mama akaja, akanigusa paji la uso, akaniangalia kitambo, akatoka. Baada ya muda nikasikia Rebeka anafungasha nguo zake. Basi lilipopiga honi barabarani, yeye ndiye aliyepanda.

Mimi nikawa malaika. Nilivaa shuka jeupe, nikasema maneno yangu bila kukosea, watu wakapiga makofi.

Rebeka alirudi mwaka mpya ulipoingia, amekonda, anatetemeka. Sisi watu wa juu homa ya nyika tulikuwa hatuijui vizuri. Wakati ule mbu walikuwa hawatufikii. Mama alidhani ni baridi iliyomshika njiani. Akamfunika, akampa uji wa moto wenye tangawizi. Siku ya pili Rebeka akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akimbembeleza mtoto wa shangazi ambaye hakuwemo chumbani. Siku ya tatu baba na wanaume wa jirani wakambeba kwa machela ya blanketi mpaka barabarani kusubiri gari. Gari lilikuja. Rebeka hakufika nalo hospitali.

Mnakumbuka sisi watoto tulivyofanywa wakati wa msiba enzi zile? Hakuna aliyekaa na mtoto akamwambia. Nilichukuliwa nikapelekwa kwa jirani, nikawekewa sahani kubwa ya makande na kikombe cha maziwa, na kwa kuwa maziwa ya nyumba ile hayakuwa ya wageni, hapo ndipo nilipojua. Nilipouliza, yule mama alisema, "Dada yako amelala. Nenda ukacheze." Nikaenda nikacheza mdako na watoto wake. Nilishinda. Nikiwa nimerusha jiwe juu, nikasikia kutoka kwetu kwaya ya watoto inaimba, na sauti ya kwanza haikuwepo. Jiwe likaanguka, sikulidaka.

Baba alikuwa akifanya kazi ya kupasua mbao huko Shume. Alichonga msalaba mwenyewe, ubao wa mwerezi, akausugua kwa siku mbili mpaka ukawa laini, kisha matanga yalipokwisha akarudi kazini akiwa hajasema chochote. Wazee waliotupa pole walisema wote neno moja: "Kazi ya Mungu haina makosa." Walisema kwa wema, na ndilo walilokuwa nalo. Lakini mimi nililitafuna neno lile kwa akili ya mtoto. Kama Mungu hakukosea, basi kosa liko kwa mwingine, na huyo mwingine nilikuwa nikimfahamu. Alikuwa amelala kitandani akijifanya tumbo linamkata.

Shule ikafunguliwa. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yakabandikwa kwenye ukuta wa ofisi. La Rebeka lilikuwa la nne. Watoto walilisoma kwa sauti, wakanitazama.

Nyumbani mama alikuwa akikaa juu ya lile jiwe, uso wake umeelekea nyika, tangu jua linachomoza mpaka ukungu unapanda kumfunika. Maharage yalimezwa na majani. Wanawake wa jirani wakaja wakampalilia, naye hakuwaangalia. Makande aliyopika yaliungua chini na juu yakabaki magumu. Kwa jina hakuniita tena. Aliniita "wewe". Wewe, leta maji. Wewe, funga mlango. Nilijua anajua. Nilijua kwamba siku moja atanigeukia aliseme, na nilikuwa nikiisubiri siku hiyo kila nilipoingia mlangoni, mpaka nikajifunza kutembea bila kutoa sauti. Shuleni niliacha kunyoosha mkono. Nilichapwa kwa kutojibu, na fimbo zile zilinipa nafuu kidogo, kwa kuwa niliona nimezistahili.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Zuhura, mama mfupi aliyetoka bonde la Mlalo, mwenye mtandio mweupe na sweta la kijani juu yake mwaka mzima. Alikuwa mkali kuliko wanaume wote wa shule ile. Siku moja kengele ya kutoka ilipogongwa akaniambia nibaki nimsaidie kupanga sanduku. Lilikuwa sanduku la bati la vitabu vya hadithi, lina harufu ya gundi na mavi ya panya, nasi wanafunzi tulikatazwa kuligusa. Nilipanga. Alikaa akisahihisha madaftari. Hakunipa pole, hakuniuliza kwa nini nimekuwa bubu. Nilipomaliza akaja, akapekua, akatoa kimoja kilichofungwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji.

"Huyu mtoto wa humu ndani amefiwa," akasema. "Si kitabu cha somo. Sitakuuliza swali hata moja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukiona sehemu inauma, ruka. Utairudia siku nyingine. Au usiirudie."

Katika maisha yangu yote ya shule hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia niruke kitu. Nikamwambia, "Shikamoo," badala ya ahsante, kwa kuchanganyikiwa. Naye akajibu, "Marahaba," bila kucheka.

Jina la kitabu silijui hadi leo, kwa kuwa jalada lake la kweli lilikuwa limeshatoka. Kilikuwa chembamba, chenye picha chache za wino. Kilieleza habari za mvulana anaitwa Luhende, wa huko Kanda ya Ziwa, ambaye baba yake alifanya kazi katika mashimo ya dhahabu. Siku moja waligombana kwa ajili ya mbuzi aliyepotea, na baba alipokuwa anaondoka kwenda kazini, Luhende alimwambia, "Nenda, na usirudi." Jioni ile shimo likabomoka.

Niliposoma mstari ule nilikifunga kitabu nikakiweka chini ya mto. Nilijiona kama mtu aliyeonwa akiiba. Kuna mtu mahali fulani, mtu mzima, mwandishi, alikuwa anajua kwamba mtoto anaweza kuua kwa neno. Alikuwa anajua mpaka rangi ya hofu ile. Kwa siku mbili sikukigusa. Siku ya tatu nilikitoa.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua za masika. Mvua za kwetu mnazijua, hazinyeshi kwa hasira, zinakaa. Mlima wote ulikuwa umelowa na kunyamaza, moshi wa jiko umekataa kutoka, unaning'inia chini ya mabati. Mvua ilikuwa imemfukuza mama kwenye jiwe lake. Alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, ungo wa maharage mapajani, anachagua bila kutazama. Mimi nilikaa mlangoni penye mwanga, nasoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti," mama akasema ghafla. "Kimya chako kinanichosha."

Mama alikuwa Mshambaa wa kweli kweli. Kiswahili alikisikia chote, ila alijibu kwa Kishambaa, nami hapa nayageuza maneno yake. Shule aliishia darasa la nne, na kusoma kulikuwa kumeshampotea. Nikaanza upya, ukurasa wa kwanza.

"Luhende ndiyo jina gani?" akauliza.

"La watu wa huko ziwani, mama."

"Haya. Endelea."

Nilisoma. Mbuzi alipopotea, mama alisema mtoto huyo ni mzembe. Baba alipomkaripia, mama alisema baba naye ana maneno mengi. Mkono wake ulikuwa umeanza kuchagua maharage kwa haraka zaidi, mabovu yanaruka kwenda sakafuni. Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi kiasi kile tangu Januari. Nikasogea kwenye ule mstari. Ningeweza kuuruka, mwalimu alinipa ruhusa. Lakini sauti ya mama ilikuwa imerudi na sikutaka iondoke tena, kwa hiyo nikausoma. *Nenda, na usirudi.* Nikasoma shimo lilivyobomoka. Nikasoma jinsi Luhende alivyojificha nyuma ya ghala wakati wa mazishi, na jinsi alivyokwenda kwa mjomba wake jioni moja, akasimama mlangoni, akafungua mdomo ili aseme.

Hapo sauti ikakatika.

"Mbona umenyamaza?"

Nikakisogeza kitabu kwenye mwanga.

"Amesema nini huyo mtoto?"

"Amesema," nikaanza, na herufi zikawa zinaogelea, "amesema ni yeye. Amesema ni yeye aliyemuua." Kisha nikasikia mdomo wangu unaendelea peke yake, maneno ambayo hayakuwa kwenye kitabu. "Mama, sikuwa naumwa tumbo. Ilikuwa niende mimi. Nilidanganya. Nilitaka plamsi, na nilitaka kuwa malaika."

Mvua iliendelea. Mama aliuweka ungo chini, taratibu, pembeni ya mafiga. Nilifumba macho nikasubiri.

"Marta," akasema.

Alikuwa ameniita kwa jina.

"Mtu anayeumwa tumbo hashuki mtini asubuhi na midomo ina rangi ya plamsi. Mimi ni mama yako. Nilijua tangu nilipokugusa uso."

Nikafumbua macho. Alikuwa ananitazama, ananitazama mimi kweli, si ukuta ulio nyuma yangu.

"Nilitoka mle ndani nikiwa natafuta fimbo," akaendelea. "Rebeka akanishika mkono pale pale jikoni. Akasema, mama, mwache. Niende mimi. Akasema baridi imemchosha na hajawahi kuona treni. Aliniomba kama anayeomba nguo ya sikukuu. Nikamwambia nenda. Nilimfungia na kitambaa changu kichwani, akaondoka anacheka, amejiziba mdomo wake hivi." Mama akaweka kiganja mdomoni kuonyesha, na kiganja kikabaki pale pale. Mabega yakaanza kutikisika. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwona akilia. Alilia kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na mimi nikatambaa mpaka kwenye kigoda nikaweka kichwa mapajani pake palipokuwa na ungo, khanga yake inanukia moshi na maharage mabichi.

"Nilidhani unanichukia," nikasema.

"Nilikuwa siwezi kukutazama. Una mashavu yake." Akanifuta uso kwa ncha ya khanga, kwa nguvu, kama anayeosha sufuria. "Nilimtuma mimi. Nikasema ni baridi, nikampa uji, siku mbili nzima nampa uji. Kama tunapanga foleni ya wenye makosa, wa kwanza ni mimi, wa pili shangazi yako asiye na chandarua, wa tatu ni mbu mwenyewe. Wewe uko mbali sana kwenye foleni hiyo, mwanangu. Hata hujafika."

Tulikaa hivyo mpaka moto ukafifia. Kisha mama akapuliza makaa, akavuta ungo wake, akasema, "Haya, soma. Huyo mtoto tumemwacha amesimama mlangoni kwa watu."

Nikasoma. Sasa, yule mjomba wa kitabuni alikuwa na hotuba. Ukurasa mzima na nusu alimweleza Luhende habari za maisha na majaliwa, kwa Kiswahili kizuri sana. Mama alivumilia mpaka katikati.

"Maneno mengi hivyo! Mtoto analia, yeye anahubiri. Si amshike kwanza?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, mama."

"Kimeandikwa vibaya."

Na mwisho wa kitabu ulipofika, Luhende aliota baba yake akimtabasamia, akaamka asubuhi, na tangu siku hiyo akaisahau huzuni yake yote. Lo! Mama alisimama. Maharage yalimwagika.

"Mwongo!" akasema, akikinyooshea kitabu kidole kama anayemnyooshea mtu aliyemkopa pesa akakana. "Amesahau? Kwa ndoto moja? Mimi namwota Rebeka kila ninapolala, mbona sisahau? Huyu aliyeandika hajazika mtu. Mwambie mwalimu wako mama amesema hajazika mtu."

Kisha, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimekosea, ilibidi asahihishe. Alinisimulia jioni ile mambo ya Rebeka ambayo sikuyajua: alivyozaliwa njiani, chini ya mkaratusi, mama akitoka sokoni, alivyoogopa kuku mpaka miaka mitano, alivyoiba sukari akapaka chumvi mdomoni ili asigundulike. Tulicheka, mama na mimi, mvua inanyesha, na kicheko kile kilinishtua, nikatazama mlangoni kana kwamba tumefanya kosa. Baba aliporudi kutoka Shume, amelowa, alitukuta hivyo. Alisimama kizingitini na kofia mkononi. Kisha akaja akakaa nasi, akasema polepole, "Na ile siku alipomfungia mbuzi wangu kengele ya kanisa, je?" Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutaja habari za Rebeka tangu mazishi.

Jumatatu nilimrudishia Mwalimu Zuhura kitabu na nikafikisha ujumbe wa mama neno kwa neno, nikiwa na hofu ya fimbo. Mwalimu Zuhura alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie mama yako amesema kweli," akasema. "Mimi nimezika watoto wawili, na sijasahau hata mmoja. Lakini mchukulie na hiki, tusikie atasemaje."

Sikuwahi kujua kabla ya hapo kwamba Mwalimu Zuhura alizika mtoto. Hakuna mwanafunzi aliyejua. Sweta la kijani na ukali ule, na ndani yake wawili.

Huzuni haikuondoka. Niseme ukweli, nisije nami nikaitwa mwongo na mama. Bado alikaa juu ya jiwe siku nyingine, bado nililala upande wangu wa kitanda nikimwachia mtu nafasi. Lakini asubuhi moja, ukungu haujaondoka, niliamka nikakuta jembe halipo nyuma ya mlango. Nilitoka nje nikasikia linavyogonga udongo kule chini kwenye maharage, siwezi kumwona mama, nasikia jembe tu, ndani ya weupe. Nilisimama nikisikiliza mpaka nikachelewa shule. Na Jumamosi mpaka nilipomaliza darasa la saba zilikuwa za vitabu. Mama aligombana navyo karibu vyote. Kimoja tu alikinyamazia mpaka mwisho, cha bibi aliyefiwa na mumewe akaendelea kumtengea chai, na kilipoisha akasema, "Huyu anajua," akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sasa nakaribia hamsini. Mimi ni mwalimu mjini Lushoto, na nyuma ya darasa langu nina rafu ya vitabu vya hadithi, na katika rafu hiyo kuna sehemu ambayo sijaiandika jina, lakini wanafunzi wanaijua. Vitabu vya siku hizi ni vizuri jamani. Vina picha za rangi, vina watoto waliofiwa na mama, na babu, hata na mbwa. Mwisho wa baadhi yake kuna maswali: leo unajisikiaje, chora uso wako. Nilipomsomea mama maswali hayo, kwa kuwa macho yake sasa ni ya ukungu mtupu, alisema, "Kumbe siku hizi mnawafundisha kulia. Sisi tulifundishwa kunyamaza."

Na wanahitaji kufundishwa, ingawa wenyewe wanadhani wanajua. Mtoto wa darasa la saba akifiwa, kabla jeneza halijafika, kundi la simu limeshajaa mishumaa na sura zinazolia, pole mia na hamsini kwa dakika kumi. Dakika ya kumi na moja mtu anatuma video ya mbuzi anayecheza muziki, na wote wanacheka, na aliyefiwa naye anacheka ili asionekane. Sisi tulifichwa msiba nyuma ya sahani ya makande. Wao wanaonyeshwa wote kwa mara moja, kisha unapitishwa kidole juu, umeondoka. Sijui ni kipi kigumu zaidi. Najua tu kwamba sisi tulikuwa na mvua zisizo na haraka, na jiko lenye moshi, na mchana mzima wa Jumamosi ambao haukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Muhula huu nina msichana anaitwa Hawa. Alilelewa na bibi yake huko Mponde, bibi mchuma chai, naye bibi amefariki, na Hawa ameletwa mjini kwa mama mdogo. Anasoma vizuri kuliko darasa zima. Nilimpa kitabu kimoja kizuri, kipya, chenye picha, nikamwambia kile nilichoambiwa: sitauliza swali. Alikichukua. Wiki nzima nilikiona kwenye mkoba wake, hakijafunguliwa.

Ijumaa alikuja mezani kwangu wenzake walipokuwa wameshatoka. Nilikuwa na madaftari ya darasa zima mbele yangu, na simu inalia kwenye pochi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Hawa. Hukukipenda?"

Akatingisha kichwa. Alikizungusha kitabu mikononi, akitazama viatu vyake.

"Naweza kukisoma," akasema. "Ila mwalimu, ungenisomea wewe."

Nikaizima simu. Nikayasukuma madaftari pembeni, nikavuta kiti cha pili, akakaa, akaweka viwiko mezani na kidevu juu ya viganja. Nje wenzake walikuwa wakipiga kelele barabarani. Nikafungua ukurasa wa kwanza, na kabla sijamaliza sentensi ya tatu, Hawa akanikatiza.

"Hapana, mwalimu. Bibi yangu hakuwa hivyo."

"Haya," nikamwambia, nikaweka kidole kwenye mstari ili nisipotee. "Alikuwaje?"